Beringi Mpya Zilizotetemeka

Nakumbuka asubuhi ile bibi yangu alipoipiga mashine ya kusaga kofi. Mwanangu, usicheke. Aliipiga kweli, kwa kiganja kizima, mbele ya foleni ya wanawake wenzake, kijijini kwetu upande wa Bahi, kwa sababu aliamini imemwibia unga.

Wakati huo mimi kijana, ndevu ndiyo kwanza zinaanza kunichokoza, kazi yangu kushikilia mdomo wa gunia unga unapotoka. Mashine yenyewe ndiyo ya kwanza kuletwa kwetu. Kabla yake wanawake walisaga uwele kwenye jiwe, na anayesaga kwenye jiwe anauona unga wake tangu mwanzo mpaka mwisho. Hii sasa unamwaga nafaka juu, inanguruma kama ina ugomvi na mtu, halafu chini kunatoka kitu ambacho hukukiona kikitengenezwa. Bibi akanyanyua gunia lake, akalishusha, akalinyanyua tena.

"Umepungua," akasema.

Mwenye mashine akamwambia unga lazima upungue, mwingine unakwenda na upepo.

"Upepo gani huo unaonijua mimi tu?" Ndipo likaja kofi.

Mimi nikacheka. Bibi akanigeukia pole pole. "Wewe ndiye uliyeshika gunia," akasema, "na unacheka?" Foleni nzima ikanitazama. Nikuambie kitu, mwanangu: mtu anayekushuku hakuangalii usoni, anakuangalia mikononi. Nilitamani mikono yangu iwe ya mtu mwingine.

Sasa siku hiyo alikuwepo fundi aliyetoka mbali kuja kubadilisha beringi, ile pete ya chuma yenye gololi ndani, ya mashine hiyo hiyo. Jina lake Ndahani, kijana aliyenizidi umri kiasi cha kaka. Akaizima mashine, akachukua spana, akafungua kifuniko cha tumbo lake, akamwita bibi: "Mama, ingiza kichwa uone." Bibi akaingiza kichwa na kilemba chake. Pembeni mwa chekecheke unga ulikuwa umejazana. Ndahani akaukwangua kwa unyoya wa kuku, akaujaza kwenye kapu la bibi. Hakumkebehi, wala hakumhubiria. Bibi akatoka na pua nyeupe, akaondoka.

Njiani ndipo aliponisema, maana mimi hakuniomba radhi na hakuwa mtu wa kuomba radhi. Alisema, "Nilikushuku kwa sababu ulicheka. Yule fundi angeweza kucheka, akafungua. Mtu akikushuku, mfungulie aone. Na wewe ukimshuku mtu, omba ufunguliwe kabla hujapiga kofi." Nikamuuliza mbona yeye alianza na kofi. Akanipiga na mimi.

Hayo ya bibi nimeyaleta kwa sababu ya Ndahani, na kwa sababu siku ile nilimwona kwa mara ya kwanza akifunga beringi. Watu walikuwa wanaacha kazi zao kuja kumtazama. Alikuwa na nyundo ya mti, ameichonga mwenyewe, na kipande cha gogo cha kuweka katikati ili chuma kisiumie. Anaipaka beringi grisi, anaivisha kwenye shafti, kile chuma kirefu kinachozunguka, anaweka gogo, anagonga, huku anaimba: "Ingia bibi harusi, ingia kwako." Wanawake wanaitikia. Beringi inaingia. Na mashine alizozifunga yeye zilidumu, mwanangu, hilo nashuhudia. Kuanzia Bahi mpaka vijiji vya mbali, mtu mwenye mashine ya kusaga alikuwa anamtaja Ndahani kama anavyoitaja mvua.

Basi miaka ikapita. Sitakuhadithia yote, mengine hayana faida na mengine wenyewe wapo hai. Nikaja Dodoma mjini kutafuta kibarua, nikaishia kuwa mlinzi wa geti kwenye kiwanda cha kukamua zabibu na kujaza juisi kwenye chupa. Jina la kiwanda niachie. Ndahani nikamkuta humo humo, mzee tayari, fundi mkuu wa karakana. Walimbakisha kazini wakati wenzake wa umri wake walishakwenda kulima, kwa sababu alikuwa Ndahani.

Kazi yangu ilikuwa kupapasa watu. Kila anayetoka anapapaswa, mifuko, viatu, kofia, kila kitu. Meneja ndivyo alivyotaka. Alikuwa mtu wa kushuku kila kitu, hata chai alikuwa anainusa kabla ya kunywa. Na kazi ya kupapasa inakuharibu, nakuambia ukweli. Mtu anakusalimia vizuri, wewe unajiuliza amebeba nini.

Kisha wakaleta mtambo mpya wa kufunga vizibo vya chupa. Mota zake waliziita za sevo. Ngoja nikueleze nilivyoelewa mimi, niliyeishia kusoma kwenye kuhesabu na kuandika jina langu. Mota ya kusaga ukiiwasha inazunguka mpaka uizime, basi. Ya sevo inaagizwa: geuka, simama, kaza kizibo, legeza, rudi. Nyuma yake ina kama jicho la kuitazama imefika wapi. Ikikosea kidogo tu, kizibo kinakaa upande na chupa inavuja. Ni mota ya adabu, lakini ikiugua inaugulisha kiwanda kizima.

Ndipo siku moja akaja getini kijana na sanduku jeusi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fungua sanduku."

Akafungua. Nyaya, kidude cha chuma kama kizibo kinene, na kitu chenye kioo.

"Hiki nini?"

"Kipima mtetemo."

"Mtetemo wa nani?"

"Wa mota, mzee."

"Mota zina homa?"

Akacheka, lakini kwa adabu. Jina lake Sadiki, kwao Kolo kule kwenye michoro ya kale ya miambani. Akakibandika kile kidude kwenye chuma cha geti langu, kikashika kwa sumaku. Lori likapita barabarani. Kwenye kioo mstari ukaruka ruka, lori lilipokwisha ukatulia. "Geti lako limetetemeka, wewe hukuona," akasema. "Kila kinachozunguka kinatetemeka, hata kikiwa kizima. Mimi nachora mtetemo wa kila mota ikiwa nzima, nahifadhi. Nisipojua hali yake ya uzima, nitajuaje imeanza kuumwa? Baadaye narudi, naomba izungushwe kwa mwendo mmoja, nachora tena, nalinganisha. Beringi ikipata kidonda, kila gololi ikipita juu yake inagonga. Sikio lako halitasikia, huu mchoro utaonyesha. Mnabadilisha kabla haijafa katikati ya msimu wa zabibu."

"Na maneno yangu je? Yanaingia humo?"

"Hapana mzee."

Sikumwamini. Na si mimi peke yangu. Habari zilienea kwamba meneja ameleta kidude cha kusikiliza wafanyakazi. Wasichana wa mtambo wa vizibo wakawa wakifika karibu nacho wanapaza sauti: "Jamani meneja wetu anavyotupenda!" Halafu wanakufa kwa kicheko nyuma ya makreti.

Mara ya kwanza Sadiki aliposema kuna mota inaumwa, Ndahani alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye mota na mpini sikioni, akafumba macho. "Hii imelala usingizi wake," akasema. "Mwachie." Lakini ilifunguliwa, na beringi ikakutwa na kishimo kidogo. Ndahani akakitazama, akampiga Sadiki begani. "Kijana, una sikio kwenye sanduku." Hakukasirika hata kidogo. Nalisema hili ili usije ukafikiri alikuwa mzee wa kiburi.

Akaenda stoo, akachukua beringi mpya kwenye boksi lake, akaifunga. Sadiki akapima. Beringi mpya ikatetemeka kuliko ile mbovu. Wakabadilisha tena. Ikatetemeka tena.

"Feki," akasema Ndahani.

Neno hilo, mwanangu, hapa kwetu halihitaji ushahidi. Nani hajauziwa taa feki, betri feki, hata dawa ya panya ambayo panya wanaifurahia? Basi karakana nzima ikaitikia: feki. Na kama beringi zilinunuliwa halisi, za kwenye boksi, nani amezibadilisha? Ufunguo wa stoo ulikuwa na mtu mmoja.

Huyo alikuwa Mwasiti. Mama wa mjini hapa, ukoo wao ni wale wa wafanyabiashara wa misafara ya zamani, anaishi mtaa wa Kikuyu na mama yake ambaye hainuki kitandani, na watoto. Kwa mdomo, alikuwa na mdomo. Kwa mkono, sikuwahi kumkuta na hata msumari. Lakini kaka yake ana kibanda cha vipuri vya bodaboda, na watu walipokumbuka kibanda hicho wakaona hesabu imetimia. Meneja akasema wazi mbele ya watu: beringi ikibadilishwa tena na ikatetemeka, Mwasiti anatoka na polisi.

Mimi nikaagizwa nimpekue kuliko wengine. Mkoba, na hotipoti ya chakula. Siku ya kwanza nilifungua hotipoti, nikachukua kijiko nikakoroga wali uliobaki. Akanitazama.

"Koroga na maharage, mzee. Mle ndimo nilimoficha mota."

Nikakoroga na maharage. Kazi ni kazi. Lakini chini kabisa kulikuwa na sahani ndogo imefunikwa, chakula hakijaguswa. Nikamuuliza.

"Fungu la Baba Ndahani," akasema. Nikakumbuka. Tangu Ndahani afiwe na mkewe, Mwasiti ndiye aliyekuwa anamletea chakula cha mchana, mlenda anaoupenda na chochote kilichopo. Sasa Ndahani alikuwa amekataa kula chakula cha mwizi. Na yeye Mwasiti alikuwa bado analeta. Kila alipotoka nilifungua hotipoti, na kila nilipofungua fungu lile lilikuwepo, limepoa. Sijui kama alikuwa anamuonyesha kitu au ndivyo alivyozoea tu. Wakati mwingine nilimshuku hata kwa hilo. Nilifikiri, huyu anajikosha.

Sadiki aliporudi, hakwenda kwa meneja. Alikaa muda mrefu na michoro yake. Kisha akaomba tukutane karakana: meneja, Ndahani, Mwasiti, na mimi niliyewekwa mlangoni ili Mwasiti asitoroke. Atoroke wapi, na viatu vile?

"Beringi feki huwa inagonga ovyo," akasema Sadiki. "Hii inagonga kwa mpango, tena tangu saa ya kwanza. Ni kama kitu kilichoumizwa, si kitu kibovu." Akamwomba Mwasiti alete beringi mbili kutoka boksi moja, mbele ya macho yetu. Moja akaiweka mezani. Ya pili akampa Ndahani kwa mikono miwili. "Shikamoo mzee. Naomba unionyeshe unavyoifunga."

"Marahaba. Sasa hilo ni ombi la mtu mwenye akili." Ndahani alifurahi, uso ukamng'aa. Akatoa nyundo yake ya mti. Ile ile, mwanangu, au mtoto wake. Akatoa kigogo chake, akapaka, akavisha, akagonga. Na akaimba pia: "Ingia bibi harusi, ingia kwako." Hakuna aliyeitikia. Niliona mdomo wa Mwasiti unatikisika kidogo, alikuwa anaujua wimbo.

Sadiki akaitoa tena ile beringi kwa kifaa cha kuichomoa, taratibu, bila kuigonga. Akazikata zote mbili kwa mashine ya kukatia chuma, akazipangusa, akaziweka kwenye kitambaa cheupe na lenzi ya kukuzia.

"Mzee, tazama wewe kwanza," akamwambia Ndahani.

Beringi ambayo haikuguswa, njia ya gololi iling'aa kama kioo. Ile nyingine ilikuwa na vialama vidogo, vimepangana kwa nafasi sawa kama mbegu shambani. Kila gololi ilikuwa imeacha alama yake pale ilipokuwa wakati nyundo iliposhuka. Beringi za mashine ya kusaga ni nene na kazi yake ni ya kishenzi, zinavumilia nyundo ya mti maisha yao yote. Hizi ndogo za mota ya sevo hazivumilii hata upendo ule. Sadiki hakuyasema hayo mbele yake. Aliniambia mimi baadaye, getini.

Ndahani alipitisha ukucha wake juu ya zile alama, moja baada ya nyingine. Meneja akauliza, "Sasa mwizi ni nani?"

"Hii ni mimi," akasema Ndahani.

Hapo nisimame kidogo, mwanangu, maana nikishasema kilichobaki sitataka kuongea tena.

Nawe unakwenda kwenye viwanda hivi, umesoma kuliko mimi. Utapewa vipimo ambavyo sisi hatukuviota. Basi pima mashine yako ingali nzima, usisubiri ipige kelele. Na watu wako wajue hivyo hivyo, siku ambazo hakuna kilichopotea, ili siku kitu kikipotea uwe na kitu cha kulinganisha. Sisi tulimjua Mwasiti miaka mingi akiwa mzima wa mikono, tukautupa mchoro huo kwa sababu ya neno moja, feki. Mashine ikitetemeka, kabla hujauliza ni nani, uliza inafungwaje. Angalia mkono wa fundi, kisha angalia na wako. Na kazi uliyoijua vizuri mahali pengine, ukihamia kwenye chuma kingine, ishuku. Hiyo ndiyo shuku ninayokuruhusu. Ya watu, omba kwanza ufunguliwe uone. Bibi yangu alikuwa sahihi, pamoja na kofi lake.

Usidhani mambo yalikuwa matamu baada ya hapo. Beringi sasa zinapashwa moto kwenye kihita, zinatanuka, zinateleza zenyewe mahali pake, na michoro ya Sadiki imetulia. Mwasiti alirudishiwa heshima ya ufunguo, ya mdomo hakurudishiwa, meneja hakusema pole. Wapo mpaka leo wanaosema kile kidude kinasikiliza. Wapo wanaosema mzee na Mwasiti walikula njama. Mimi mwenyewe nikikipita kile kidude nafunga mdomo.

Mungu akupe mikono ambayo watu wakiitazama wanapumzika. Akupe fundi wa kukuonyesha kosa lako kwa kitambaa cheupe, si kwa kelele. Na akupe moyo wa kubaki pale pale baada ya kuonyeshwa, maana hilo ndilo gumu kuliko yote.

Ndahani hakubaki. Aliiweka nyundo mezani, akavua koti la kazi, akalikunja. Meneja akamwambia, "Mzee, si kosa kubwa, tutakufundisha." Sadiki akainamisha kichwa. Mwasiti ndiye aliyesogea. "Baba," akasema, "chakula chako kipo. Kaa ule kwanza." Ndahani akamtazama mikononi, kisha kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya feki akamtazama usoni, na akashindwa kutazama zaidi. Akapita.

Nilimfuata mpaka getini, kwa sababu getini ndiko kwangu. Alisimama pale pale watu wanaposimama, akanyanyua mikono juu bila kuambiwa.

"Mzee, wewe pita tu," nikamwambia.

"Nipapase. Mwasiti ulimpapasa."

Nikampapasa. Mbavu, mifuko, kofia. Hakuwa na kitu. Nyuma yetu Mwasiti alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo na hotipoti mkononi, akaita, "Baba Ndahani!" Bodaboda wakamnadia safari, hakuwajibu. Akashika barabara ya kwenda Bahi kwa miguu, katikati ya jua, pole pole, kama mtu anayekwenda dukani, na hakurudi.